Msindikizaji wa Mjamzito: Utafiti wa Uzazi na Hali ya Milima ya Usambara

Usalama wa mama anayejifungua katika Milima ya Usambara hutegemea mambo mawili: kufika mapema mahali penye huduma, na namna anavyohudumiwa akishafika. La kwanza limechunguzwa kwa miaka mingi. La pili lilichelewa kupimwa, ingawa sehemu ya ushahidi wake bora ilipatikana Korogwe na Muheza, karibu na Lushoto, wilaya iliyo katika milima hiyo.

Jiografia ya Lushoto inaeleza kwa nini suala la kufika lilitangulia. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini ni ya kilomita 33 hivi, zenye kona kali. Lakini vijiji vingi viko mbali nayo, kwenye njia ambazo wakati wa masika huharibika kwa utelezi na maporomoko. Zahanati ya kijiji haifanyi upasuaji. Mama aliyekwama katika uchungu hulazimika kupelekwa kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, au hospitali kama ya Wilaya ya Lushoto au ile ya Kilutheri ya Bumbuli. Anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua huweza kufa ndani ya saa chache. Utafiti mkubwa wa WOMAN, uliochapishwa mwaka 2017 na kuihusisha Tanzania, ulionyesha kwamba dawa ya traneksamiki huokoa maisha ikitolewa ndani ya saa tatu. Kwa kijiji cha mlimani, saa tatu ni muda mfupi.

Juhudi za kuwafikisha akina mama zimezaa matunda. Kitaifa, waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015–16, wakafikia 81 mwaka 2022. Vifo vitokanavyo na uzazi vilionekana kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kushuka kwa kasi hiyo kunahitaji tahadhari, kwani makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Hata hivyo mwelekeo ni wa kupungua.

Ila hesabu ya waliofika haisemi lolote kuhusu yaliyowapata leba. Mradi wa Staha ulichunguza jambo hilo huko Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Wanawake walipohojiwa wakati wa kuondoka kituoni, takriban asilimia 19 walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya. Baadhi yao walipohojiwa tena baadaye wakiwa kwao, waliosema hivyo walikuwa asilimia 28. Tofauti hiyo inafundisha mengi kuliko kiwango chenyewe: aliye bado mikononi mwa wahudumu huchunga ulimi. Kukaripiwa na kuachwa peke yake ni miongoni mwa yaliyotajwa. Mkataba wa huduma kwa mteja ulipoandaliwa kwa kuwashirikisha wananchi, na wahudumu wakapewa nafasi ya kurekebisha kazi yao wenyewe, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017.

Kuachwa peke yake ndilo kosa lenye tiba rahisi kuliko yote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumuisha tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mama anayepata mtu wa kumtegemeza muda wote wa uchungu huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, hupungukiwa na uwezekano wa upasuaji, na uchungu wake hufupika kwa dakika arobaini hivi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Huko Kigoma jambo hili lilijaribiwa katika vituo vya kawaida vya serikali, na akina mama wakaridhika zaidi na huduma.

Lushoto haihitaji kumtafuta mtu huyo. Mjamzito hashuki mlima peke yake; huja na mama yake, mama mkwe, wifi au mkunga wa jadi, ambaye mara nyingi huishia nje ya wodi. Hoja ya kumzuia si ya kupuuzwa: pale vitanda vinapopangwa pamoja bila pazia, ndugu wa mmoja huona utupu wa mwingine. Lakini hilo ni suala la mapazia na mpangilio wa chumba, gharama ndogo mno ikilinganishwa na jengo la upasuaji. Mkunga wa jadi naye, ambaye sera imemwondolea kazi ya kuzalisha, angepata hapa nafasi inayolingana na ujuzi wake: kumkanda mgongo mzazi, kumnywesha, kumtembeza, na kumwita muuguzi hali inapobadilika.

Msindikizaji hazuii damu wala kifafa cha mimba. Utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania na nchi nyingine tatu za Afrika, ulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60, kwa kupima damu iliyotoka na kutoa tiba zote kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya muuguzi. Usiku, muuguzi mmoja akiwa na wazazi kadhaa, jicho la ndugu aliyekaa kando ya kitanda ndilo linaloweza kuona kwanza kwamba kanga imelowa.