Sifuri Mbili za Mzee Juma

Kazi ilionekana ya nusu saa. Chumba cha habari kilikuwa kimepata jedwali la wafanyakazi wa zamani wa kiwanda kimoja, watu wanaosubiri malipo yao, na kwenye safu moja jina na namba ya kazi vilikuwa vimegandana: JUMA00471, ASHA01220. Nikaambiwa nitenganishe herufi na tarakimu. Programu ikamaliza kwa sekunde chache, herufi huku, namba kule. Nikafuta waliojirudia, orodha ikachapwa.

Kesho yake akapiga simu mzee mmoja. "Mwanangu, mimi simo. Namba yangu inaanza na sifuri mbili."

Kumbe palikuwa na Juma 00471 wa rejista ya zamani na Juma 471 wa rejista mpya. Programu ilizichukua zote kuwa ni idadi, ikatupa sifuri za mbele, na Juma wawili wakawa mmoja. Mimi ndiye niliyemfuta wa pili.

Tangu siku hiyo najiuliza: hivi herufi na tarakimu ziliachana lini?

Kwa karne nyingi zilikaa nyumba moja. Wagiriki, Wayahudi na Waarabu walihesabu kwa herufi zao. Katika abjadi ya Kiarabu, alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ghaini ambayo ni 1000. Ndiyo maana Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Bara Hindi, huandika 786: ni jumla ya herufi za Bismillahi yote. Hapo neno ni hesabu na hesabu ni neno. Mwambie mtu azitenganishe, atakuuliza akate wapi.

Tarakimu zetu za leo zilizaliwa India. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika namna ya kuhesabu nazo, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, tunayemwita Fibonacci, akazieneza kwa kitabu chake Liber Abaci. Si wote waliozipokea. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu. Kiasi kiandikwe kwa maneno. Sababu inayotajwa sana ni hofu ya udanganyifu, maana sifuri ukiiongezea mkia inakuwa 6 au 9. Hofu hiyo bado tunayo: ukiandika hundi, kiasi unakiandika mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno.

Halafu ikaja kompyuta. Mpangilio wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, uliziweka tarakimu 0 hadi 9 kwenye nafasi ya 48 hadi 57, na herufi kubwa A hadi Z kwenye 65 hadi 90. Programu yangu haikumjua Juma. Iliangalia tu kila alama imeangukia kundi gani. Na kwa mashine hata ile J ni namba, 74. Yaani abjadi imerudi, ila safari hii bila Bismillahi.

Kutenganisha si kosa. Kosa langu lilikuwa kudhani kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni idadi. Zipo namba za kujumlisha, na zipo namba za kuitia watu. Namba ya simu huijumlishi na ya jirani. Ukiondoa sifuri ya 07 umeshapoteza njia ya kumpata mwenyewe. Hayo ni majina, na jina halikatwi mwanzo wake eti kwa sababu halina thamani. Sifuri tumeitoa kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya tupu, lakini zile mbili zilikuwa na mtu ndani yake.

Siku hizi safu za namna hiyo naziacha zibaki maandishi. Orodha tuliichapa upya. Mzee Juma akapiga tena, akanisomea polepole: sifuri, sifuri, nne, saba, moja.

"Zote zipo, mzee," nikamwambia.