Tarehe ya Chuo cha Berea, Kentucky

Chuo cha Berea kiko katika wilaya ya Madison, jimbo la Kentucky nchini Marekani, pale tambarare ya malisho inapokutana na vilima vya kwanza vya Appalachia. Ni chuo kidogo cha shahada ya kwanza, chenye wanafunzi wapatao 1,500, kinachofundisha elimu ya jumla: lugha, historia, sayansi, muziki, falsafa na mengineyo, bila kumfunga kijana katika taaluma moja tangu siku ya kuingia. Vyuo vya namna hiyo ni vingi Marekani, na vilivyo vingi ni vya ghali mno. Berea hakitozi ada ya masomo, kinapokea watoto wa familia zenye kipato kidogo tu, na kila mwanafunzi wake, pasi na kumbagua yeyote, hufanya kazi ya chuo. Mambo hayo matatu hayakuja pamoja. Yalipatikana moja baada ya jingine, na mengine kwa machungu.

Mwanzilishi wake, John Gregg Fee, alizaliwa mwaka 1816 kaskazini mwa Kentucky katika nyumba ya baba aliyemiliki watumwa. Aliposomea uchungaji huko Cincinnati alisadiki kwamba utumwa ni dhambi, akaanza kuhubiri hivyo katika jimbo ambalo sheria yake ililinda utumwa. Baba yake alimkana. Baadaye Cassius Clay, mwanasiasa tajiri aliyepinga utumwa, alimkaribisha Madison na kumpa kiwanja cha kujenga makao. Fee akakiita kijiji chake Berea, kwa jina la Beroya, mji wa Matendo ya Mitume ambao watu wake walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko wenyewe. Katika sura hiyohiyo ndimo ilimotoka kaulimbiu ya chuo, kwamba watu wote wa dunia wametokana na damu moja. Mwaka 1855 ikafunguliwa shule ya chumba kimoja, na Jumapili chumba hicho kikawa kanisa.

Urafiki wa Fee na Clay haukudumu. Clay alitaka utumwa ukomeshwe polepole, kwa kura na kwa kufuata katiba. Fee alishikilia kwamba sheria inayokwenda kinyume cha sheria ya Mungu haimfungi mtu. Katika mkutano wa hadhara wa tarehe 4 Julai 1856 walipingana waziwazi, na tangu hapo Clay akamwondolea ulinzi wake. Hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa katika Madison ya siku zile mhubiri wa aina ya Fee alihitaji mtu mwenye nguvu nyuma yake.

Hatari ilifika miaka mitatu baadaye. Katika mwaka 1859 Fee, mwalimu John Rogers na wenzao walikuwa wameanza kuandika katiba ya chuo kamili, wakikitazama chuo cha Oberlin cha Ohio, kilichokuwa kikipokea weusi na weupe, wanaume na wanawake. Mwezi Oktoba John Brown alishambulia ghala la silaha la Harpers Ferry huko Virginia akitaka kuwachochea watumwa waasi. Hofu ikaenea kusini kote. Fee wakati huo alikuwa mashariki akichangisha fedha, na maneno yake juu ya Brown yalifika Kentucky yakiwa yamepotoshwa. Desemba mwaka huo kundi la watu wenye silaha liliingia Berea na kuwapa walimu na familia zao siku kumi wawe wameondoka. Gavana alikataa kuwalinda, nao wakavuka kwenda Ohio.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ndiyo iliyowarudisha. Fee alipata kazi Camp Nelson, kambi kubwa ya jeshi la Muungano, yaani la kaskazini, ndani ya Kentucky, ambako maelfu ya watu weusi walijiandikisha kuwa askari na kwa njia hiyo kujikomboa. Aliwafundisha kusoma, akawahubiria, na baada ya vita akawaalika wahamie Berea na familia zao. Wengi waliitikia, wakanunua mashamba kando ya shule. Kwa hiyo chuo hakikuletewa wanafunzi weusi kutoka mbali: walikuwa majirani, na wazazi wao walikuwa na ardhi hapohapo.

Mwaka 1866 wanafunzi weusi wa kwanza walipoingia darasani, baadhi ya weupe walitoka. Wengine walibaki, na baadhi ya waliotoka walirejea. Mwaka wa masomo wa 1866–67 uliandikisha wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Wengi walikuwa bado katika masomo ya msingi, kwani masomo ya chuo yalianza mwaka 1869, chini ya mkuu wa kwanza Edward Henry Fairchild, na shahada za kwanza zikatolewa mwaka 1873. Katika miaka hiyo Julia Britton, binti mweusi aliyekuwa hodari wa piano, alisoma hapo na kufundisha muziki, na miongoni mwa aliowafundisha walikuwamo vijana weupe. Kwa zaidi ya miaka ishirini weusi walikaribia nusu ya wanafunzi au kuizidi. Walikaa dawati moja na wenzao weupe, wakala meza moja na kuimba katika kwaya moja, katika jimbo ambalo watu walikuwa wakiuzwa mnadani miaka michache tu nyuma. Hakuna sehemu ya tarehe hii inayostahili kukumbukwa kuliko hiyo.

William Goodell Frost, aliyeshika uongozi mwaka 1892, alikuwa profesa wa Kigiriki kutoka Oberlin na mchangishaji fedha asiye na mfano. Alikikuta chuo kikiwa maskini. Alipanda milimani, akaona watu weupe waliokuwa fukara na wasio na shule, naye akawafanya kuwa wito mpya wa Berea. Alipoona blanketi zilizofumwa na wanawake wa milimani kwa mkono, alizipeleka kwa wafadhili wa kaskazini, na akina mama wakaweza kulipia gharama za shule za watoto wao kwa vitambaa. Tangu mwaka huohuo wa 1892 chuo hakijatoza ada. Lakini juhudi hizo zilikuwa na upande wa pili. Frost aliongeza idadi ya weupe kwa makusudi, na uwiano wa weusi ukashuka mwaka hadi mwaka. Fee mzee, aliyefariki mwaka 1901, alilalamikia mwelekeo huo hadharani. Alikuwa na haki ya kulalamika.

Kilichofuata kilitoka nje ya chuo. Mwaka 1904 Carl Day, mwakilishi wa wilaya ya Breathitt, alipeleka katika bunge la Kentucky mswada wa kukataza shule yoyote, ya serikali au ya binafsi, kufundisha weusi na weupe pamoja. Berea ndicho chuo pekee jimboni kilichoguswa. Adhabu ilikuwa faini ya dola 1,000, na hata kama chuo kingefungua tawi la weusi, tawi hilo lilipaswa kuwa maili 25 mbali. Mswada ulipita. Mwaka mmoja kabla yake, 1903, Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa na mchimba makaa ya mawe wa zamani, alikuwa amehitimu Berea. Baadaye alipata udaktari wa Harvard na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu weusi, ambayo leo imekuwa mwezi mzima. Wadogo zake wa chuoni hawakuruhusiwa kurudi darasani.

Chuo kilikwenda mahakamani. Novemba 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Berea ni shirika lililoundwa kwa hati ya jimbo, na jimbo lina uwezo wa kuibadili hati hiyo. Jaji John Marshall Harlan, naye mzaliwa wa Kentucky, alipinga, akihoji kama raia wa Marekani wa rangi mbalimbali sasa hawaruhusiwi hata kukutana kwa hiari yao. Hoja yake haikushinda. Berea kilikuwa kimewalipia wanafunzi weusi nauli na gharama za kuhamia shule nyingine, kisha kikachangisha fedha za kujenga shule mpya kwa ajili yao, Lincoln Institute, karibu na Louisville. Ilifunguliwa mwaka 1912. Ilikuwa shule njema, lakini haikuwa Berea. Kwa miaka 46 kaulimbiu ya damu moja ilibaki juu ya hati za chuo cha weupe watupu.

Ni katika miaka hiyohiyo maisha ya kampasi yalipopata sura yake ya leo. Kazi ya mikono ilikuwapo tangu mwanzo, kwa sababu wanafunzi walikuwa maskini na majengo yalihitajika. Kanisa la Phelps Stokes, lililokamilika mwaka 1906, lilijengwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1909 ikafuata hoteli ya Boone Tavern, baada ya mke wa Frost kuchoka kuwapokea wageni wa chuo nyumbani kwake kwa mamia kila kiangazi. Polepole kazi ikawa sharti la kila mwanafunzi. Zikakua karakana za useremala, ufumaji, ufinyanzi na utengenezaji wa mifagio, na bidhaa zake zikauzwa nchi nzima. Shamba la chuo, lililoanza mwaka 1871, bado linalimwa na wanafunzi.

Leo mwanafunzi hufanya kazi saa zisizopungua kumi kwa wiki, huku akisoma masomo kamili. Wa mwaka wa kwanza hupangiwa kazi, huenda ikawa jikoni, kwenye usafi au shambani. Akipanda madarasa huweza kuchagua: maabara, maktaba, kompyuta, ofisi ya fedha, hoteli. Hupokea malipo madogo kwa saa, naye hutathminiwa na msimamizi wake, kwa hiyo huhitimu akiwa na kumbukumbu mbili, ya masomo na ya kazi. Faida kubwa ya utaratibu huu si fedha. Kwa kuwa wote wanafanya kazi, hakuna anayeonekana maskini kwa kushika ufagio.

Kalenda ya chuo ina siku zake. Kila Oktoba masomo husimama kwa Siku ya Mlima, na vijana hupanda vilele vya Pinnacles ndani ya msitu wa chuo, wengine wakiondoka gizani ili wafike jua linapochomoza. Majira ya kuchipua kuna Siku ya Kazi, ambapo kila idara huonyesha kinachofanyika humo.

Ada isiyotozwa lazima ilipwe na mtu. Mwaka 1920 Baraza la Wadhamini liliamua kwamba kila urithi unaoachiwa chuo bila masharti uingizwe kwenye mfuko wa wakfu, usitumike. Uamuzi huo wa subira ndio unaokibeba chuo mpaka sasa: wakfu umepita dola bilioni moja, na faida yake hulipia sehemu kubwa ya gharama. Mwaka 2017 sheria mpya ya kodi ya Marekani ililenga wakfu wa vyuo tajiri na ikakinasa Berea pia. Bunge lililegeza kifungu hicho mwanzoni mwa 2018, likavihesabu vyuo kwa wanafunzi wanaolipa ada, na Berea kikatoka.

Baada ya Frost waliongoza William Hutchins na kisha mwanawe Francis, aliyekuwa ametumikia elimu China. Bunge la Kentucky liliporekebisha sheria ya Day mwaka 1950, Berea kilifungua milango mara moja. Wanafunzi weusi walirudi kidogokidogo, kwani vizazi viwili vilikuwa vimezoea kwenda kwingine. Mwaka 1965 zaidi ya wanafunzi na walimu 50 walikwenda Alabama kujiunga na maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, ingawa uongozi wa chuo ulikataa kuwadhamini safari hiyo. Miongoni mwa wahitimu wa karne hiyo ni Juanita Kreps, mtoto wa wilaya ya makaa ya mawe aliyekuwa Waziri wa Biashara wa Marekani mwaka 1977, na John Fenn, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002.

Mwandishi bell hooks, mzaliwa wa Kentucky, alijiunga na walimu wa Berea mwaka 2004 na kuishi katika mji huo hadi kifo chake Desemba 2021. Mwaka 2013 lilifunguliwa bweni la Deep Green, lililojengwa kwa kupunguza matumizi ya nishati, na sehemu ya samani zake ilitengenezwa na wanafunzi kwa mbao za msitu wa chuo. Kituo cha kufua umeme kwenye Mto Kentucky, kilichozinduliwa mwaka 2021, kimepewa jina la Matilda Hamilton Fee, mke wa mwanzilishi, aliyefukuzwa Berea mwaka 1859. Mwaka 2023 Cheryl Nixon alianza kazi ya mkuu wa chuo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wanafunzi wengi bado wanatoka Kentucky na milima ya majimbo jirani, weusi na weupe pamoja, na wachache huja kutoka nchi za nje, zikiwamo za Afrika.