Kabla Jua Kali Haijaitwa Kazi

Ukishuka Kamukunji asubuhi, utapasikia kabla hujapaona. Nyundo juu ya bati, kutwa nzima. Sufuria, majiko, toroli, karai za mjengo, masanduku ya wanafunzi wa bweni, yote yanatoka pale.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa aina hiyo, ila si Nairobi. Alikuwa mji mwingine ambao sitautaja. Siku moja tuliamka tukapata kibanda chake kimegeuka rundo la mabati yaliyokunjana. Tingatinga lilipita usiku. Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa mabati. Ni afisa mmoja kijana aliyemwambia pale pale mbele ya wateja wake, "Mzee, si utafute kazi ya maana."

Kazi ya maana. Hayo maneno yamenikaa miaka yote. Na nilipoanza kusoma historia ndiyo nikagundua kitu: huyo afisa alishajibiwa zamani, kwa hesabu na kwa hoja, kabla hata hajazaliwa. Na waliosaidia kumjibu walikuwa watafiti wa chuo kikuu, hapa hapa Nairobi.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka wa 1965, Kenya ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu, chuo cha Nairobi kilianzisha Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, inayojulikana kama IDS. Wakati huo Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilikuwa hakijazaliwa rasmi. Tulikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi 1970. Kazi ya taasisi ilikuwa kuchunguza maisha ya wananchi: mashamba, shule, ajira, umaskini.

Na maswali yalikuwa mengi. Vijana walikuwa wanamaliza shule wakiwa na karatasi mkononi, wanapanda basi kwenda mjini, halafu wanakosa kazi. Mwaka wa 1966 chuo kiliita mkutano Kericho kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya vijijini. Wasomi wakaketi na maafisa wa serikali. Kutokana na mjadala huo ukaja mpango maalum wa maendeleo vijijini, uliojaribiwa maeneo sita: Kwale, Mbere, Tetu, Vihiga, Migori na Kapenguria. Watafiti wa IDS ndio walipewa kazi ya kuupima. Huko Tetu, kwa mfano, watafiti waliona kwamba maafisa wa kilimo walikuwa wakimtembelea zaidi mkulima ambaye tayari amefanikiwa. Yule mdogo anapitwa tu. Basi wakajaribu kinyume: wakawaita wakulima waliosahaulika, wakawafundisha mahindi ya mbegu chotara, na wakaonyesha kwamba mkulima mdogo hakuwa mkaidi. Alikuwa hajafikiwa.

Shika hilo wazo, kwa sababu mjini lilijirudia.

Hesabu za ajira za serikali wakati huo zilitegemea sana waajiri waliosajiliwa. Kiwanda kinajaza fomu, ofisi inajaza fomu, shamba kubwa linajaza fomu. Sasa fundi wa viatu chini ya mti anajaziwa fomu na nani? Mama wa mandazi je? Kwenye karatasi, hao hawakuwepo. Na mtu ambaye hayuko kwenye karatasi ni rahisi sana kumbomolea.

Mwaka wa 1972 serikali ilialika ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuja kuchunguza tatizo la ajira. Viongozi wake walikuwa Hans Singer na Richard Jolly, kutoka Sussex, Uingereza, ambako kulikuwa na taasisi nyingine yenye jina karibu sawa na yetu. Wageni walipofika walikuta watafiti wa Nairobi wameshafanya kazi kwa miaka, wanajua mitaa na wana takwimu. Mwanaanthropolojia Keith Hart naye alikuwa ameona mambo kama hayo Accra, Ghana, na alikuwa ameanza kutumia jina jipya. Hayo yote yalipokutana, ripoti ya 1972 ikaipa dunia neno ambalo leo kila mtu analitumia: sekta isiyo rasmi.

Angalia ripoti ilisema nini. Ilisema shida ya Kenya haikuwa tu watu wasio na kazi. Kulikuwa na wengi wanaofanya kazi kutwa kucha na bado ni maskini. Ilieleza sekta hii kwa sifa zake: ni rahisi kuingia, inatumia vifaa vya hapa hapa, ni mali ya familia, ni midogo midogo, inahitaji mikono mingi, na ujuzi wake unapatikana nje ya darasa. Ikasema wazi kwamba watu hawa wanazalisha, na kwamba serikali iache kuwabomolea na ilegeze masharti ya leseni.

Hapo ndipo jibu la yule afisa lilipo.

Serikali ilijibu kwa waraka nambari 10 wa 1973, ikakubali mapendekezo kadhaa. Kwenye karatasi. Mitaani, ubomoaji uliendelea. Ilibidi tungoje hadi 1985, Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Nairobi na kuahidi kuwajengea vibanda vya kujikinga na jua. Waraka nambari 1 wa 1986 ukaipa sekta hii nafasi katika mipango ya uchumi. Mwaka wa 1992 ukatoka waraka mwingine, huu sasa ukiwa na jina "Jua Kali" kwenye kichwa chake. Sheria ya biashara ndogo ndogo ikaja 2012.

Piga hesabu. Kutoka 1972 hadi 2012 ni miaka 40. Mtoto anazaliwa, anasoma, anakuwa fundi, anapata watoto, ndipo sheria inafika.

Kwa nini polepole hivyo? Mimi naona sababu moja ni kwamba utafiti hauna miguu. Unahitaji mwanasiasa aone faida, au wananchi wapige kelele. Sababu nyingine ni uoga. Miaka ya sabini na themanini chuo kilitazamwa kwa jicho baya. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na mwaka huo huo wahadhiri kadhaa walitiwa kizuizini. Nani atakuletea takwimu zinazokusuta, ikiwa aliyesema jana yuko ndani?

Sasa kuna wale husema, hawa maprofesa ni wa kuandika tu, wananchi wanakula ripoti? Nawaelewa. Ripoti haikumrudishia mjomba mabati yake. Lakini fikiria kama haingeandikwa. Leo takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi. Tunaweza kusema hivyo kwa sababu kuna mtu aliyeamua kwamba fundi anafaa kuhesabiwa. Kabla ya hapo tungekuwa tunabishana kwa hisia, na kwenye ubishi wa hisia mwenye tingatinga ndiye hushinda.

Ndiyo maana nikisikia vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni na utafiti unasubiri mfadhili wa nje, nashtuka. Anayelipia utafiti ndiye huchagua swali. Na maswali ya wafadhili si lazima yawe ya Kamukunji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumie. Kaunti yako ikitangaza inahamisha soko au inabomoa vibanda, uliza: utafiti uko wapi? Nani alihesabu watakaopoteza? Alizungumza na fundi gani?

Mjomba alijenga tena, mbele kidogo, chini ya mwarobaini. Hajasoma ripoti yoyote na pengine hataisoma. Lakini nilipomwambia kwamba kuna watu wa chuo waliandika 1972 kwamba kazi yake ni kazi, alinyamaza kwanza, nyundo mkononi. Halafu akauliza, "Na yule kijana alionyeshwa?"

Hilo ndilo swali.