Ulimi wa Nguruwe na Kifafa cha Mbozi

Nguruwe akiwa bado hai, njia kongwe ya kumkagua ni ulimi wake. Hulazwa chini, kijiti kikapachikwa kati ya taya, ulimi ukavutwa kwa kitambaa na vidole vikapapasa chini yake kutafuta vifuko vidogo vya lava wa tegu. Kwa binadamu, vifuko hivyohivyo vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa, na ubongo hauna ulimi wa kupapasa. Ndiyo maana kifafa kilisimuliwa kwa muda mrefu kama habari ya mapepo au laana, mbali na habari za banda. Hoja yangu ni kwamba kifafa cha Mkoa wa Songwe, ilipo Wilaya ya Mbozi, kwa sehemu kubwa ni ukurasa wa historia ya ufugaji wa mkoa huu, na kwamba protini moja iliyoundwa maabara imesaidia kuusoma.

Zamani kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za tegu kilihitaji protini zilizochujwa kutoka kwenye vifuko vya nguruwe wagonjwa, malighafi isiyopatikana kwa urahisi wala kwa ubora uleule kila mara. Baadaye jeni ya tegu ilipandikizwa kwenye seli za wadudu, nazo zikaizalisha protini iitwayo T24H pasipo kumgusa nguruwe. Kipimo cha haraka kinachotumia protini hiyo kilifanyiwa majaribio katika hospitali kadhaa za kusini mwa Tanzania, ile ya Vwawa, wilayani Mbozi, ikiwemo. Mtu atapinga kwamba kingamwili huonyesha tu kuwa mwili uliwahi kukutana na mdudu. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Mbozi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya, ulipima watu 830: asilimia 45.3 walikuwa na kingamwili, lakini dalili za vifuko vilivyo hai zilionekana kwa asilimia 16.7. Pengo hilo halikibatilishi kipimo. Linaonyesha jinsi mayai ya tegu yalivyosambaa vijijini, nacho kipimo humsaidia daktari kuamua nani apelekwe kwanza kupigwa picha ya CT.

Wengine watasema dawa ni kuacha kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kuanzia mabandani Mbozi hadi majikoni Tunduma. Hapo wanachanganya njia mbili. Nyama isiyoiva vizuri humpa mlaji tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongo hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Hata asiyeonja nguruwe maishani anaweza kuugua. Chanjo ya nguruwe ya TSOL18, nayo protini ya kuundwa maabara, inasaidia kuukata mzunguko wa tegu kati ya nguruwe na mtu, ila haichimbi choo wala kujenga banda. Mnyama anayezurura hupata mayai ya tegu pale tu binadamu alipoyaacha.