Barking: Kutoka ghala la barafu hadi ghala la tovuti

Katika karne ya 19, Barking, mji wa mashariki mwa London kando ya mto Roding, ulikuwa maskani ya moja ya makundi makubwa ya merikebu za uvuvi nchini Uingereza. Familia ya Hewett iliweka akiba ya barafu ghalani ili samaki wa Bahari ya Kaskazini wafike soko la Billingsgate kabla ya kuoza. Reli ilipozifikia bandari za mashariki, Barking ilipoteza faida ya ukaribu, na wavuvi wakahama.

Hesabu hiyo ya ghala na umbali ndiyo inayomkabili leo Mswahili wa Barking anayetaka kuwahifadhia wenzake tovuti: ya chama cha kuzikana, ya duka la vitenge, ya madrasa. Hukodi nafasi kwa jumla katika seva ya kampuni kubwa, akaigawa na kuiuza rejareja.

Njia zote za London

Kilomita chache magharibi mwa Barking, jengo la Telehouse lilifunguliwa mwaka 1990. Mwaka 1994 kituo cha LINX kilianza kuyaunganisha humo makampuni ya intaneti ya Uingereza.

Afrika Mashariki wakati huo ilitegemea setilaiti. Ujumbe wa Nairobi kwenda Nairobi uliweza kuzungukia ng'ambo kwanza. Kituo cha KIXP kilipoanzishwa jijini humo mwaka 2000 ili kukomesha mzunguko huo, Telkom Kenya ililalamika na kituo kikafungwa, hadi kilipofunguliwa tena mwaka 2002.

Mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Tangu hapo, mwenye wasomaji wengi Mombasa au Dar es Salaam ana sababu ya kuulizia seva za huko. Mwenye wasomaji London abaki London.

Rahisi ghali

Chukua mfano. Ukikodi nafasi kwa pauni 20 kwa mwezi na kumtoza kila mteja pauni 4, wateja watano wanarudisha gharama tu. Faida huanza kwa wa sita.

Lakini bei hubadilika. Mwaka 2019 wenye cPanel, programu inayotumiwa sana kuendesha seva, waliacha kutoza kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti. Wachuuzi wadogo waliojaza akaunti nyingi za bei ya chini ndio walioumia. Basi uliza bei ya mwaka wa pili, si ya mwezi wa kwanza pekee.

Jihadhari pia na ahadi ya nafasi isiyo na kikomo. Kampuni huuza kuliko ilicho nacho, ikitumaini wateja hawatatumia zote kwa pamoja, kama kondakta wa daladala asiyekiri kwamba gari limejaa.

Nani ana funguo?

Oktoba 2009, Yahoo ilipofunga GeoCities kila mahali isipokuwa Japani, kurasa nyingi za watu wa kawaida zilitoweka. Mchuuzi wa Barking akishindwa kulipa, wateja wake watafungiwa vivyo hivyo, ingawa wao wamelipa.

Kwa hiyo anwani ya tovuti iandikishwe kwa jina la mteja mwenyewe, na nakala za akiba ziwekwe kwenye seva nyingine. Daftari la michango ya mazishi likipotea, pauni nne haziwezi kulirudisha.