Akiba Iliyooza

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii hufundishwa watoto wangali wadogo, nao huiandika madaftarini mwao bila ya kuiuliza swali. Lakini historia ni hakimu asiyeogopa methali. Katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, iko kesi moja ambayo mbele yake methali hii hulazimika kusimama na kujieleza. Kesi hiyo ni ya motokaa iliyozikwa ili iishi, ikafukuliwa imekufa.

Oklahoma iliingia katika umoja wa majimbo ya Marekani mwaka wa 1907. Ilipotimiza miaka 50, watu wa Tulsa walitaka kufanya sherehe itakayokumbukwa. Wakachukua motokaa mpya kabisa, Plymouth Belvedere ya mwaka huo huo wa 1957, yenye rangi ya dhahabu na nyeupe, na mapezi marefu nyuma mfano wa papa. Tarehe 15 Juni, 1957, waliiteremsha katika chumba cha zege kilichochimbiwa chini ya uwanja wa mahakama ya mji, wakakifunika. Agizo likawa kwamba kaburi hilo lisifunguliwe mpaka ipite miaka 50 mingine. Wakazi walialikwa kubahatisha idadi ya watu watakaokuwamo Tulsa mwaka wa 2007. Atakayekaribia zaidi ndiye atakayepewa motokaa, yeye au warithi wake.

Watu hawa hawakuwa wajinga wala wazembe. Waliivika motokaa yao vifuniko vya kuzuia unyevu. Wakahofia kwamba huenda watu wa mwaka wa 2007 wasiwe wanatumia petroli tena. Basi wakaweka petroli na oili kando yake, ili mrithi asikose cha kuitilia. Zama zile zilikuwa zama za hofu ya bomu la atomiki, na chumba kile kilisifiwa kwamba kingestahimili hata shambulio la bomu hilo. Ukiyatazama maandalizi yao huoni upungufu wa akili. Waona upendo wa mzazi anayemfungia mwanawe masurufu ya safari ndefu.

Siku ikafika. Mwezi wa Juni 2007 watu walikusanyika kwa maelfu kumlaki mgeni wao. Boyd Coddington, fundi aliyesifika Marekani kwa kuunda upya magari, alialikwa ajaribu kuiwasha. Kifuniko kilipoondolewa palionekana maji. Yalisimama futi kadhaa ndani ya chumba, na alama za ukutani zikashuhudia kwamba yaliwahi kupanda juu zaidi ya hapo. Bomu la atomiki halikuja. Yalikuja maji ya mvua na maji ya ardhi, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kupitia penye nyufa. Vifuniko vilivyowekwa kuzuia unyevu usiingie vikauzuia usitoke. Motokaa ilitoka imevaa kutu na tope mwili mzima, viti vyake vimeoza, injini yake imegandamana. Fundi hakuwa na la kuwasha. Yule aliyebahatisha idadi kwa ukaribu zaidi alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi nyuma, na zawadi ikawaangukia ndugu zake. Hata jina la Plymouth lenyewe lilikuwa limekufa: kampuni ya Chrysler iliacha kuunda motokaa za jina hilo mwaka wa 2001. Petroli, ambayo wazee wa 1957 walidhani itatoweka, ilikuwa ikiuzwa kila pembe ya mji.

Hapa mwanafunzi wa historia aone jambo. Watu wale walijilinda na adui waliyemwogopa, wala si na adui aliyekuwapo. Kila kizazi hufanya hivyo. Hofu ya wakati huwa kubwa kiasi cha kuuficha ufa mdogo ulio ukutani. Na methali nyingine ya wazee yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyefungiwa nje ya chumba kwa miaka 50 angewezaje kuuona ufa?

Mafundi wa motokaa za kale wanajua kwamba kulala si sawa na kupumzika. Motokaa iliyosimama miaka mingi, hata pakavu, huugua kwa utulivu wake. Petroli huchacha ikaacha utomvu unaoziba njia za kabureta. Ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa na kuyala mabomba kwa ndani. Mipira hukakamaa, tairi hubonyea upande uliolaliwa, na panya hufanya nyaya kuwa chakula. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hakimbilii ufunguo. Huondoa plagi kwanza, akatia oili kidogo ndani ya silinda na kuiacha ipenye. Kisha huizungusha injini kwa mkono, taratibu, akisikiliza. Humwaga petroli ya zamani, husafisha tangi, hubadili oili na maji. Nazo breki huzitengeneza kabla injini haijanguruma, maana motokaa isiyowaka ni hasara, lakini iwakayo isisimame ni msiba. Mwenye papara huweza kuua kwa dakika moja kilichosalimika kwa miaka 30.

Motokaa ya Tulsa ilikuwa imepita kiwango cha tiba hiyo. Mtu mmoja wa New Jersey, mwenye biashara ya dawa ya kuondoa kutu, aliichukua akaishughulikia muda mrefu kwa subira. Rangi ya dhahabu ikaonekana tena mahali pengi, lakini chuma chini yake kilikuwa kimeliwa hata kisingeweza kubeba safari. Hatimaye, mwaka wa 2017, ilipelekwa katika jumba la makumbusho mjini Roscoe, jimbo la Illinois. Ipo huko kama shahidi, si kama chombo.

Linganisha habari hii na nyingine. Tarehe 14 Novemba, 1896, wenye motokaa wa Uingereza walisafiri kutoka London hata Brighton kushangilia sheria mpya iliyowaruhusu kwenda kwa kasi kubwa kuliko zamani. Tangu mwaka wa 1927 safari hiyo hurudiwa kila mwaka, isipokuwa miaka ya vita na mingine michache, na motokaa zinazoruhusiwa kushindana na njia hiyo ni zile zilizoundwa kabla ya mwaka wa 1905. Ni vikongwe kuliko Plymouth ile kwa zaidi ya nusu karne, na hazikujengewa ngome ya zege. Zina wenyewe wanaozifungua, kuzipaka mafuta, kuzilalamikia na kuzisukuma zinapokataa mlimani. Zinaharibika kila mara, na kwa kuwa zinaharibika mbele ya macho ya watu, hutengenezwa.

Nao watu wa Tulsa, katika kifaa cha chuma kilichozibwa barabara, walihifadhi bendera, nyaraka na ushahidi wa akiba ya fedha. Kifaa hicho kilisalimika. Dola 100 walizoweka kwa ajili ya mshindi zilikuwa zimezaa zikapita dola 600. Angalia tofauti: motokaa ilifungiwa ikakaa bure, ikaoza, fedha ziliwekwa mahali zinapofanya kazi, zikaongezeka. Kumbe methali haikusema uongo. Sisi ndio tuliosoma neno moja na kuliacha jingine. Akiba si kitu kilichofichwa. Akiba ni kitu kinachoangaliwa.

Jambo hili lina uzito kwetu tunaosoma Kiswahili. Tenzi za kale hazikutufikia kwa sababu zilifungiwa masandukuni. Zilizofungiwa tu zililiwa na mchwa na unyevu wa pwani, na hatutazijua kamwe. Zilizotufikia ni zile ambazo mtu alizitoa, akazisoma mbele ya watu, akazinakili kwa mkono wake, na mwingine baada yake akanakili nakala. Kila mnakili alikosea hapa na pale, lakini makosa yake ni kama alama za vidole juu ya usukani: ni dalili ya kwamba chombo kilikuwa safarini.

Watu wa Tulsa hawakukata tamaa. Mwaka wa 1998, kabla hata ya kulifukua kaburi la kwanza, waliweka motokaa nyingine, Plymouth Prowler, katika chumba kilichojengwa juu ya ardhi, kifunguliwe mwaka wa 2048. Wamekiepusha na maji ya ardhini, na hilo ni jema. Tunawaombea heri. Lakini lau ningeulizwa shauri, ningesema chumba kile kitiwe mlango, na mtu mmoja apewe ufunguo.