Nani Awe Mwalimu? Historia ya Mafunzo ya Utamaduni kwa Wanaohudumia Wazee Uingereza

Huduma za hisani kwa wazee wa Uingereza zilijengwa zikimlenga mzee wa aina moja. Shirika la wanawake wa kujitolea alilolianzisha Lady Reading mwaka 1938, ambalo baadaye lilijulikana kama WRVS, ndilo lililopeleka chakula cha moto majumbani mwa wazee wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kamati ya ustawi wa wazee iliyoundwa mwaka 1940 ikaja kuwa Age Concern. Mzee aliyefikiriwa na waanzilishi hao alikuwa Mkristo, akizungumza Kiingereza na kula nyama kwa viazi, na kwa wakati huo hawakukosea sana. Haja ya kuwafundisha watumishi kuhusu utamaduni ilijitokeza pale walipoanza kuzeeka watu wasiofanana na mzee huyo. Historia ya mafunzo hayo inaonyesha jambo moja: yalifaa pale wazee wenyewe walipopewa nafasi ya kufundisha na kutoa hukumu, na yalidhoofika kila yalipogeuzwa kuwa orodha ya mila za kukariri.

Ushahidi ulio karibu nasi ni wa Waasia wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliwapa siku 90 waondoke nchini, na takriban watu 28,000 wakaingia Uingereza, wengi wao wakipitia kambi 16 zilizofunguliwa kwa haraka, ya kwanza ikiwa Stradishall. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kutangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasielekee huko. Wanawake wa WRVS walikuwa miongoni mwa waliowapokea kambini na kuwagawia nguo za baridi, na wema wao unastahili kukumbukwa. Hata hivyo, wema pekee haukuweza kuwaambia nani anakula nini. Ndege moja iliweza kuwa na Wahindu wasiogusa nyama, Waislamu wa Ismailia, Masingasinga, na Wagoa Wakatoliki ambao nyama ya nguruwe ni kitoweo chao cha kawaida. Serikali iliwaita wote Waasia, na ratiba ya chakula iliyopangwa kwa jina hilo ingewakosea wengi wao. Chakula kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya mwanzo, na nafuu ilikuja pale wakimbizi waliposikilizwa na kushirikishwa jikoni.

Mwaka 1979 Alix Henley alichapisha kitabu cha kuwaongoza watumishi wa afya waliowahudumia wagonjwa wa Kiasia, hospitalini na nyumbani. Kilieleza jinsi majina yanavyopangwa, vyakula vinavyoepukwa, sala na stara. Kilikuwa na faida ya kweli, kwa sababu mtumishi asiyejua lolote hajui hata la kuuliza. Lakini maarifa ya namna hiyo, yakishafupishwa kuwa ukurasa mmoja ubaoni, humfanya mtumishi aamini kwamba ameshamjua mzee kabla hajazungumza naye. Dhana iliyowadhuru wazee zaidi ilifanana sana na maarifa: kwamba Waasia huwatunza wazee wao, kwa hiyo hawahitaji huduma. Alison Norman aliipinga mwaka 1985 katika kitabu chake Triple Jeopardy, akieleza kwamba wazee wahamiaji walikabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: uzee, ubaguzi, na huduma zisizowafikia. Nyumba za Uingereza hazikujengwa kwa ajili ya ukoo mzima, na akina mama waliotarajiwa kubaki na wazee walikuwa viwandani. Wanawake wengi kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester mwaka 1974. Heshima kwa wazee ilikuwepo, lakini heshima haimpi mtu saa za kukaa na mama yake mchana kutwa.

Wapo waliosema, na bado wapo wasemao, kwamba haki ni kuwatendea wazee wote sawasawa, na kwamba kuwachambua kwa asili zao ni kuwagawa. Nia ya hoja hiyo ni njema, ila inasahau kwamba huduma yenyewe tayari ilikuwa na utamaduni. Sahani ya nyama ikipelekwa kwa wazee wawili, mmoja akala na mwingine akashindwa kuigusa, sahani zimekuwa sawa lakini mmoja amelala na njaa. Usawa hupimwa kwa kile kinachomfikia mzee.

Pingamizi zito zaidi lilitoka upande wa wapinzani wa ubaguzi. Baada ya ghasia za mwaka 1981 katika mtaa wa Brixton, mafunzo ya kujitambua kuhusu rangi yalienea katika ofisi za umma. A. Sivanandan, mkurugenzi wa Institute of Race Relations jijini London, aliyashambulia mwaka 1985 akisema yanaugeuza udhalimu wa mfumo kuwa ugonjwa wa nafsi ya mtu mmoja mmoja. Alisema kweli. Mtumishi akilia darasani kwa majuto huku bajeti, ajira na wajumbe wa kamati vikibaki vilevile, mzee hajafaidika na chochote. Hata hivyo, hoja hiyo inatutaka tubadilishe mafunzo, wala haituamuru tuyaache. New Zealand ilionyesha njia: muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden alisisitiza kwamba muuguzi achunguze kwanza mamlaka na mazoea yake mwenyewe, na kwamba usalama wa huduma uamuliwe na anayehudumiwa. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo liliyafanya mafundisho hayo kuwa sharti la masomo ya uuguzi. Yalizua mabishano makali, wengine wakiyaita siasa, kwa sababu yaligusa swali ambalo orodha ya mila hulikwepa, yaani nani ana mamlaka ya kusema huduma hii inafaa.

Mashirika madogo hujibu kwamba hayana fedha wala muda wa mambo makubwa kama hayo. Lakini kilicho muhimu zaidi hakihitaji fedha nyingi: kumuuliza mzee, kuandika jibu lake, kumlipa nauli aje kuwafundisha watumishi wapya, na kumpa kiti katika kamati inayogawa bajeti. Leo miongoni mwa wazee wanaohudumiwa wamo Wasomali, Wabarawa wa pwani ya Somalia, Wakongo na Warundi, baadhi yao wakizungumza Kiswahili, na mwongozo wa mwaka 1979 haukuandikwa kwa ajili yao. Kuandika mwongozo mpya kwa kila kundi ni kazi isiyokwisha. Anayetunga mafunzo kwa ajili ya watumishi wa wazee aanze kwa kuwaalika wazee wenyewe, na mwisho wa mafunzo cheti kisitolewe kabla hawajaulizwa kama huduma imebadilika.